Bibi harusi wa rangi ya majivu

Mama wa bibi harusi alisimama kati yangu na shuka la kuonyeshea video, akashika pindo la kitenge chake, akaliinua mpaka usawa wa macho yangu.

"Fundi, hii rangi gani?"

"Nyekundu, mama."

Akageuka, akanyoosha kidole kwenye shuka. Pale alikuwepo yeye mwenyewe, wiki sita nyuma, siku ya kupokea mahari, anacheza na mawifi zake, wote wamevaa kitenge hichohicho.

"Na ile?"

Ile ilikuwa rangi ya majivu. Kitenge majivu, migomba ya nyuma ya nyumba majivu, ng'ombe wa mahari majivu, na bibi harusi mwenyewe majivu, kama picha ya kitambulisho cha zamani. Sikuwa na la kujibu. Nikasema, "Subiri kidogo mama, ni umeme."

Haikuwa umeme. Lakini sisi mafundi tukikwama, umeme ndio wa kwanza kusingiziwa, na mwaka ule wa 2011 ulikuwa wa mgao mkali, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na mashiko.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, Tukuyu, kwenye ukumbi wa bati ambao mvua ikishuka hata MC mwenye spika mbili hasikiki. Na Tukuyu mvua haishuki, inamwagwa. Tulitoka Mbeya saa nne asubuhi, mimi na kijana wangu wa kazi. Tulipofika Uyole tukakata kulia barabara ya Kasumulu, na kufika Kiwira vioo vya gari vilishafunga ukungu. Mitambo nilikuwa nimeifunga kwenye blanketi. Projekta yenyewe ilikuwa ya mtumba, niliinunua Kariakoo, nzito kama debe la mahindi, ila taa yake ilikuwa nzima na picha yake nilikuwa naiamini.

Kwa kawaida nilikuwa natumia laptopu. Wiki ile laptopu ilikufa, nikabeba deki ya DVD ya nyumbani kwangu. Kazi ilikuwa nyepesi: kuonyesha video ya siku ya mahari, ambayo niliihariri mwenyewe ofisini kwangu Mwanjelwa, halafu kuonyesha salamu za mjomba wa bibi harusi anayeishi Marekani. Mjomba alishindwa kuja, akajirekodi, akatuma DVD kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Basi. DVD mbili, deki moja, projekta moja, waya mmoja wa mita kumi ambao niliuunga mwenyewe kutokana na waya wa antena, nikachomelea pini ya njano kila upande.

Saa kumi jioni, wakati tunafunga mitambo, umeme ukakatika. Kijana alimalizia kuchomeka nyaya za deki kwa tochi ya simu, deki ikiwa imeshasukumwa chini ya meza ya MC. Mimi nilikuwa juu ya kiti nafunga shuka. Jenereta lilipowashwa tukajaribu. Nembo ya deki ikatokea kwenye shuka, herufi nyeupe juu ya weusi, imenyooka, haitetemeki. Nikasema safi, tukaenda kula ndizi.

Herufi nyeupe juu ya weusi. Nimeikumbuka nembo ile mara nyingi. Nilipima mitambo ya rangi kwa picha isiyo na rangi.

Sasa turudi pale mama alipoachia pindo la kitenge akasubiri. Ukumbi ulikuwa na watu kama mia tatu na karibu nusu yao walikuwa na sare ile. Kamati iliamua nyekundu tangu mwezi wa pili. Kuna waliokopa ili wanunue. Nilipokuwa mdogo pale Uyole, banda la video letu lilikuwa na televisheni ya inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe, inaendeshwa kwa betri ya gari, na tulijazana mpaka madirishani bila mtu kudai rangi. Ila watu hawa hawakuja kuangalia filamu ya mapigano. Walikuja kujiangalia.

Nikaanza kazi ya kutafuta, na nitaieleza kama ilivyokuwa, bila kujipamba.

Kwanza nilibadilisha DVD. Nilikuwa na nakala ya pili, nikaiweka, majivu yaleyale. Hapo ningetulia ningejua kwamba DVD haina kosa, maana video ile niliiona ina rangi ofisini siku moja kabla. Sikutulia. Nikaitoa, nikaipangusa kwa shati, nikairudisha.

Halafu nikautikisa waya kwenye tundu la projekta. Halafu nikafungua menyu ya projekta, nikapandisha kiwango cha rangi kutoka hamsini mpaka mia. Hakikubadilika kitu hata chembe. Hiyo nayo ilikuwa inaniambia jambo: ukiongeza chumvi kwenye chungu kitupu hupati mchuzi. Sikusikia. Nikaingia kwenye mfumo wa rangi, ambao ulikuwa umewekwa ujichague wenyewe, nikaulazimisha kuwa PAL, mmoja wa mifumo ya rangi za televisheni, kwa sababu nilijua Tanzania tulikuwa tunatumia PAL. Haikusaidia. Nikatoka kwenye menyu, na jambo hilo la mwisho nikalisahau palepale.

Halafu nikamwendea mlinzi wa ukumbi nikamwomba azime friji la soda ili umeme upande. Akazima. Soda za saa mbili usiku zilinywewa vuguvugu, ingawa kwa baridi ya Tukuyu nadhani nilikuwa nimewasaidia.

MC alikuwa ameshamaliza vichekesho vyote vya wakwe, ameanza kuwaita watu watunze. Mimi nikatoa bisibisi.

Nilikuwa nimeshalegeza skrubu mbili za kifuniko cha projekta, ikiwa inawaka, na ndani yake mna taa yenye joto la kuunguza na umeme mkubwa. Siandiki hivi kwa kujisifu. Kando yangu, juu ya kreti la soda, alikaa mtoto wa kiume wa miaka tisa au kumi, mpwa wa bibi harusi, ambaye alikuwa amenitazama muda wote kama anatazama mchezo. Menyu nilikuwa nimeifungua tena, imesimama katikati ya shuka.

"Anko," akasema, "mbona hicho kiboksi chako kina rangi?"

"Kiboksi gani?"

"Hicho cha maandishi."

Nikainua macho. Katikati ya ukumbi wa majivu, juu ya uso wa majivu wa bibi harusi, menyu ya projekta ilikuwa imekaa na ukanda wake wa bluu, na mstari uliochaguliwa una rangi ya chungwa inayowaka. Nilikuwa nimeikodolea macho robo saa nzima. Nilikuwa nasoma maneno tu.

Menyu haitoki kwenye deki, inachorwa na projekta yenyewe. Kama projekta inaweza kuchora bluu na chungwa kwenye shuka, basi taa yake nzima, vioo vyake vizima, lenzi nzima, na sina cha kutafuta ndani yake kwa bisibisi. Rangi ilikuwa inapotelea kabla ya kufika kwake. Na kabla ya kufika kwake kulikuwa na vitu viwili tu, waya na deki.

Nikazikaza skrubu, nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza ya MC na tochi.

Mgongo wa deki ile ulikuwa na matundu sita ya mviringo yanayofanana umbo. Matatu ni ya watu wote: la njano kwa picha, jeupe na jekundu kwa sauti. Matatu mengine, hatua moja pembeni, ni kijani, bluu na jekundu jingine. Deki ilikuwa ya miaka mingi, pete za rangi zimefubaa, na kwenye mwanga wa tochi ya simu, ambao wenyewe una ubuluu, njano iliyofubaa na kijani iliyofubaa zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Pini yangu ya njano ilikuwa imekaa kwenye kijani. Imekaa vizuri, imekaza, haina wasiwasi wowote.

Ingekuwa imeingia kwenye tundu la sauti, picha isingetokea na ningejua dakika ileile. Shida ya tundu la kijani ni kwamba linakupa picha. Tundu la njano linatoa kila kitu kwa waya mmoja, mwangaza na rangi vikiwa vimefungwa pamoja. Yale matatu yanagawana kazi. La kijani linabeba mwangaza peke yake, yaani wapi peupe, wapi peusi, wapi katikati, pamoja na mapigo yanayoisimamisha picha isiyumbe. La bluu na jekundu yanabeba tofauti zinazoifanya picha iwe na rangi. Ukichukua kijani ukaacha jirani zake, unapata picha kamili, imetulia, tena kali kuliko ya kawaida kwa sababu rangi haipo ya kuichafua. Hata ukali ule niliuona mapema, nikajisifia shuka langu jipya.

Tangu siku hiyo nimeona pia kosa hilo likigeuzwa: waya wa njano umetoka sawasawa kwenye deki, lakini umechomekwa kwenye kijani upande wa projekta au televisheni. Hapo napo rangi hupotea, ila ukisogea karibu utaona vidoa vidogo vidogo vinatambaa kwenye kingo za vitu, kama siafu. Hiyo ni rangi, imefika, lakini mpokeaji hajui kuisoma, anaichora kama madoa. Picha safi isiyo na rangi, tafuta upande wa deki. Picha yenye siafu, tafuta upande wa pili.

Nikahamisha pini. Nikiwa bado nimelala chini ya meza nikasikia vigelegele, nikajua nyekundu imefika. Mama wa bibi harusi hakuja kunishukuru, na alikuwa na haki. Alikwenda mbele ya shuka, akacheza sambamba na yeye mwenyewe.

Ningependa kusema yaliishia hapo.

MC akatangaza salamu za mjomba kutoka Marekani. Nikaweka DVD ya pili. Mjomba akatokea sebuleni kwake, amevaa suti, nyuma yake kuna picha ya ukutani na mti wa ndani. Rangi ya majivu.

Ukumbi ukacheka. Mama akageuza shingo polepole, akanitafuta kwa macho.

Miguu yangu ilikwenda kwenye deki kabla ya akili. Pini ilikuwa kwenye njano. Nikamtazama yule mtoto, naye akapandisha mabega. Nikarudi kwenye projekta nikijiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mwanzo: kitu gani kimebadilika? DVD imebadilika. Na tofauti ya DVD hizi mbili ni kwamba moja imechomwa Mwanjelwa, nyingine Marekani.

Huko Marekani mfumo wa televisheni ya rangi, NTSC, uliidhinishwa Desemba 1953, wakati nyumba nyingi zilishakuwa na televisheni za nyeusi na nyeupe. Hawakutaka watu wazitupe, kwa hiyo rangi ikapandishwa juu ya picha ya zamani, kama abiria juu ya lori la viazi. Lori linatembea hata abiria akishuka. PAL, iliyobuniwa Ujerumani na kuanza kurushwa Uingereza na Ujerumani Magharibi mwaka 1967, nayo ina abiria wake, lakini anakaa sehemu nyingine ya lori: wa PAL yuko kwenye megahezi 4.43, wa Marekani yuko kwenye 3.58 hivi. Sisi huku Bara televisheni ilipotufikia mwaka 1994 ilikuja na PAL (Zanzibar walishakuwa na ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hawachoki kutukumbusha).

Projekta yangu ilikuwa na uwezo wa kuwasoma abiria wote wawili, na ikiachwa ijichagulie yenyewe hutambua nani amepanda. Ila kuna mtu alikuwa ameingia kwenye menyu saa nzima nyuma, akaiamuru isome PAL tu. Ilikuwa inamtafuta abiria pale kwenye 4.43, haimkuti, inaonyesha lori tupu.

Nikairudisha ijichagulie. Suti ya mjomba ikawa ya bluu, mti ukawa kijani, na uso wake ukawa uso wa mtu wa Tukuyu. Alikuwa anamalizia kusema "…na Mungu awabariki." Ikabidi nirudishe mwanzo.

Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa la giza na la kijana wangu. La pili nililileta mimi nikijaribu kuliondoa la kwanza, na lingeweza kunilaza pale hadi asubuhi. Siku hizi nikigusa kitu kwenye menyu na hakikusaidia, nakirudisha kilipokuwa kabla sijagusa kingine. Kijana wangu mwanzoni aliona ni ushamba. Anaandika kwenye kiganja: "mfumo wa rangi – ulikuwa unajichagua." Mke wake anadhani ni namba za simu.

Malipo waliyakata kidogo. Sikubishana.

Miaka miwili baadaye tulikuwa Mafinga, semina ya siku mbili, baridi ya kuganda vidole. Safari hii deki ilikuwa imeshastaafu, video tunaichezesha kwenye laptopu kwa waya wa VGA, ule wa zamani wa kuunganisha kompyuta na projekta. Picha ikatokea na rangi, lakini rangi za ajabu: shati jeupe la msemaji limekuwa feruzi, nyasi ziko sawa, mbingu iko sawa, na ngozi za watu zimekuwa kama za wagonjwa. Kijana akaitazama kwa sekunde chache, mikono mfukoni.

"Bosi, nyekundu haipo."

Alikuwa sahihi, na hakugusa kitu kujua hilo. Kwenye VGA rangi hazipandi lori moja, kila moja ina pini yake: ya kwanza nyekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu. Nyeupe ni zote tatu pamoja, hivyo usitazame uso wala nguo ya rangi, tazama kilicho cheupe. Kikigeuka feruzi, nyekundu imekosekana. Kikigeuka pinki iliyokolea, kijani haipo. Kikiwa cha njano, bluu ndiyo imepotea. Akachomoa waya, akaugeuzia dirishani. Pini ya kwanza ilikuwa imelala chini kabisa, imeinama kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Aliyeuchomeka alilazimisha akiwa ameupinda.

Kijana akatoa mrija wa wino ndani ya kalamu, akavisha ile ncha tupu ya mrija kwenye pini, akaiinua taratibu, kidogo, akapumzika, kidogo tena. Ukitumia koleo inakatika. Mwenyeji wetu alikuwa ameinama juu yetu, akanyoosha kidole: "Na hapa je? Hapa pini imeng'oka kabisa!" Safu ya katikati, ya nne. Hiyo ni ya tisa, na nyaya nyingi zinatengenezwa bila hiyo tangu kiwandani. Tulimwonyesha waya mpya wa akiba, nao una pengo palepale. Hakuridhika, lakini picha ilipowaka shati likiwa jeupe, akaenda kunywa chai.

Siku hizi ni nyaya za HDMI na vichezeshi vidogo vya ukubwa wa kiberiti, na matatizo ya rangi yamepungua. Yakija, mara nyingi ni kijani na pinki ukutani kote, kichezeshi kinatuma rangi kwa mpango mmoja na projekta inazisoma kwa mpango mwingine. Unachomoa, unachomeka, au unabadilisha mpango kwenye kichezeshi, yameisha. Waya wangu wa mita kumi umening'inia kwenye msumari ofisini. Pini moja nimeizungushia utepe wa njano, na mgongoni mwa deki, lile tundu la kijani nimelikandika gundi.

Mwaka 2014 simu iliita, namba siijui, sauti niliijua kabla hajajitambulisha.

"Fundi, mdogo wake naye anatoka mwezi wa nane. Ukumbi uleule."

"Hongera sana, mama."

"Ndaga fijo. Sare ni bluu bahari." Akanyamaza kidogo. "Usihofu, yule mtoto atakuwepo."